Chini ya shavu la mtoto wa Malkia kuna pembe ya ndovu

Toa kitambulisho chako mfukoni. Sura iache, najua siku ile uliamka mapema, ukapigwa na foleni, na sisi wote tunafanana na washukiwa kwenye ile kadi. Angalia ukubwa wake tu. Sasa mfikirie mchoraji ameketi kando ya dirisha, ameinama juu ya kipande chenye ukubwa wa kadi hiyo, wakati mwingine nusu yake. Ana brashi yenye ncha nyembamba kama unywele na anachora kope za mtoto, moja baada ya nyingine. Mtoto ana miaka mitatu na hatulii kitini. Mama yake ni Malkia wa Uingereza.

Najua swali lako. Mutomo na watoto wa Malkia Victoria, wapi na wapi? Huku Kitui Kusini tunaongea ndengu, mbuzi, maji, na ile lami iliyotuunganisha na Kibwezi. Nipe dakika kumi tu. Hizo picha hazikutengenezwa na wazungu peke yao, ingawa ukisoma maandishi yaliyo chini yake utadhani hivyo.

Tuanze na picha zenyewe. Kabla ya kamera, kama ulikuwa na pesa na unataka uso wa mtu wako uwe karibu nawe, ulimlipa mchoraji akuchoree picha ndogo. Haikuwa ya ukutani. Ilikuwa ya kushikwa mkononi, kufunikwa kwa kioo, kutiwa kwenye kidani cha shingoni au kwenye bangili. Ukisafiri unaondoka nayo. Ni ile picha ya mtoto uliyoweka kwenye simu yako, sema yako hukuilipia. Familia za kifalme zilizitumia pia kutafutiana wachumba: unatuma uso wa binti yako ng'ambo, wenzako wanakaa mezani wanautathmini. Kama unadhani watu wameanza kudanganywa na filta juzi, basi huwajui wachoraji wa ikulu. Kidevu kilinyooshwa, makovu ya ndui yakatoweka, na hakuna aliyeuliza.

Kwa watoto kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo si ya kuchekesha. Watoto walikufa, hata wa matajiri. Surua, homa, kifua, wiki mbili tu na mtoto hayupo. Picha ndogo ilikuwa njia ya kumshika kabla hajaondoka. Victoria alijaliwa kwa upande huo: alizaa watoto 9 kati ya 1840 na 1857, na wote walifika utu uzima. Hata hivyo hakuchoka kuwachoresha.

Aliyekuwa na kazi nono pale ikulu aliitwa William Charles Ross. Victoria alitwaa kiti mwaka 1837, na mwaka huo huo Ross akateuliwa kuwa mchoraji wake wa picha ndogo. Mwaka 1842 akapewa cheo cha Sir. Inasemekana alichora zaidi ya picha 2,000 maishani mwake. Alikuwepo pia Robert Thorburn, Mskoti, na baadaye Annie Dixon, mwanamke ambaye Victoria alimpa kazi nyingi za kuchora watoto na wajukuu wa ukoo.

Sasa hapa ndipo panaponivutia mimi. Walichora juu ya nini?

Miaka ya 1500 na 1600 picha hizi zilichorwa juu ya ngozi ya ndama iliyokwanguliwa hadi ikawa nyembamba kama karatasi. Ngozi ile ilibandikwa kwenye karata, hizi hizi za kuchezea, ili isijikunje. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1700 mwanamke mmoja wa Venice, Rosalba Carriera, akaanza kuchora juu ya pembe ya ndovu. London wakaiga haraka. Kufikia siku za Ross, ukisema picha ndogo nzuri ya uso umeshasema pembe.

Na pembe ya ndovu, kama hukuwahi kuambiwa, ni jino.

Fundi analikata jino hilo kwa msumeno hadi apate vipande ambavyo ukivishika kuelekea jua, mwanga unapita. Vinaanikwa juani viwe vyeupe zaidi. Shida ni kwamba pembe ina mafuta yake ya asili, na rangi ya maji ikikutana na mafuta inajikunja kama tone la mvua juu ya jani la nduma. Kwa hiyo mchoraji anakisugua kipande kwa unga wa jiwe la volkano, anatoa mafuta na ule mng'aro, ndipo rangi ikubali kushika. Rangi yenyewe imechanganywa na gundi ya mgunga. Ndiyo, mgunga, ndugu wa hii miiba inayotuchania suruali huku nyikani.

Hapo hapaki kama anayepaka ukuta. Akipitisha brashi yenye maji mara ya pili mahali pale pale, rangi ya kwanza inang'oka. Anaweka vitone na vimistari, maelfu yake, kimoja kando ya kingine, huku akishusha pumzi polepole. Kwenye nywele na kwenye gauni anaongeza rangi iwe nzito. Kwenye ngozi anafanya kinyume, anapunguza. Kivuli kidogo chini ya pua, wekundu kidogo shavuni, kisha anaacha pembe ifanye kazi. Mwanga unapenya ile rangi nyepesi, unagonga pembe, unarudi kwenye jicho lako. Wengine walitia hata kipande cha madini yanayong'aa nyuma ya uso ili mwanga uzidi. Ndiyo maana watoto wale wanaonekana kama wana damu inayotembea chini ya ngozi. Sijaona skrini ya simu inayoweza hivyo.

Kwa hivyo ukiangalia shavu la mtoto wa Malkia, sehemu kubwa ya unachokiona si rangi hata kidogo. Ni jino la ndovu lililoachwa wazi.

Ndovu yupi sasa?

Wafanyabiashara wa wakati huo waligawa pembe mara mbili, ngumu na laini. Ile ya Afrika Magharibi ilikuwa ngumu. Iliyopendwa na mafundi ni laini, nyeupe, isiyopasuka ovyo chini ya msumeno, na hiyo ilitoka upande wetu, Afrika Mashariki. Soko lake lilikuwa Zanzibar. Seyyid Said alikuwa amehamishia makao yake huko kutoka Oman, na miaka ya 1840 kisiwa kile kilikuwa mlango mkuu wa pembe za ukanda huu. Zilipimwa kwa frasila, zikatozwa ushuru, zikapakiwa majahazini na merikebuni. Nyingi zilipitia Bombay kwanza ndipo zikafika London. Nyingine zilichukuliwa na Wamarekani wa Salem, walioleta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita marekani.

Lakini hakuna ndovu aliyekuwa anaishi Forodhani. Pembe zilitoka bara, na kabla misafara ya Waswahili na Waarabu haijazoea njia za huku, waliozishusha kwenye pwani ya Mombasa walikuwa Wakamba. Hasa wa Kitui.

Shuleni tulipewa habari hii kwa mistari miwili. Kivoi, mfanyabiashara wa masafa marefu. Alimpokea Krapf, Krapf akaona Mlima Kenya. Mwisho, swali la alama mbili, songa mbele. Hatukuambiwa kazi yenyewe ilikuwaje.

Ilikuwa hivi. Mwindaji anamfuata ndovu kwa miguu, akiwa na upinde na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, mti ambao magome na mizizi yake vinachemshwa hadi vitoe utomvu mweusi kama lami. Sumu ile inasimamisha moyo. Anatakiwa kumkaribia mnyama wa tani kadhaa, kuachilia mshale, kisha kuufuata unyayo hadi aanguke. Upepo ukigeuka, anayeanguka ni yeye. Baada ya hapo pembe inabebwa begani, kilo thelathini na kitu, kwa mwendo wa wiki nyingi kushuka nyika hii hii unayoipita sasa na basi ukiwa umelala, kuvuka mito, kukatiza nchi kavu ya Taru, hadi Rabai na Mombasa. Misafara ilikuwa na mamia ya watu. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 ilikuwa imewasukuma Wakamba wengi hadi karibu na pwani, kwa hivyo msafara ulipofika ulikuwa na ndugu huko, wanaojua bei na wanaojua nani mwizi. Kurudi, mzigo ni nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba.

Kivoi wa Mwendwa alikuwa mkubwa wao. Krapf, mmisionari Mjerumani, aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849 na ikamchukua karibu mwezi mzima kufika kwake Kitui. Tarehe 3 Desemba akauona mlima wenye theluji, na jina aliloliandika akilisikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yako. Mwaka 1851 alirudi. Agosti mwaka huo yeye na Kivoi walikuwa wakielekea Tana waliposhambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf akaponea porini, akiwa na kiu ya kufa, akarudi kwa miguu.

Hebu shikilia mwezi huo, Agosti 1851. Kivoi anaanguka karibu na Tana. London, ndani ya bustani ya Hyde Park, Victoria na mumewe Albert wanasherehekea Maonyesho Makuu ndani ya jumba la kioo lililojaa bidhaa za dunia nzima. Kati ya vitu vilivyowashangaza watu ni ukanda wa pembe ya ndovu uliotoka Marekani. Mashine ilikuwa imeumenya kwa kuizungusha pembe, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, na ukawa mrefu kuliko matatu. Teknolojia ya namna hiyo ndiyo iliyowawezesha wachoraji kupata vipande vikubwa. Picha ndogo zikaanza kuwa si ndogo tena.

Sitakuapia kwamba shavu la mtoto huyu au yule lilitoka Kitui. Pembe haina lafudhi. Ikishafika ghala la London na kukatwa, ya Ukambani, ya Unyamwezi na ya kwingineko zinalala kwenye sanduku moja. Biashara ilijengwa hivyo: kila mkono inaopitia unafuta kidogo jina la mkono uliotangulia, mpaka inapofika mezani kwa Ross ni kitu cheupe tu, kisafi, kinachouzwa dukani pamoja na brashi.

Wakati huo huo, huku kwetu pia kulikuwa na watoto wa kifalme. Tarehe 6 Agosti 1844 Victoria alimzaa Alfred, kule Windsor. Siku 24 baadaye, tarehe 30 Agosti, Seyyid Said alizaliwa binti katika jumba la Mtoni, Zanzibar. Akaitwa Salme. Watoto wawili, mwezi mmoja, baba wa mmoja akikusanya ushuru wa pembe ambazo wazazi wa mwingine walizihitaji kwa sura za watoto wao. Salme aliandika baadaye kwamba baba yake alipokufa mwaka 1856 aliacha watoto 36. Kwao kuchora nyuso halikuwa jambo la kawaida. Uso wa Salme tunaoujua tumeupata kwa kamera, baada ya kutoroka Zanzibar mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi na Mjerumani, akabatizwa, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Amevalia nguo za kwao, mbele ya mpiga picha wa kigeni. Bibi huyo alikuja kuandika kitabu mwaka 1886 akajieleza mwenyewe, na kwa maoni yangu hicho kinashinda vidani vyote vya Windsor.

Alfred naye alikua akawa baharia. Mwaka 1867 alitua Afrika Kusini na akapelekwa msitu wa Knysna kuwinda. Unajua walichowinda. Ndovu.

Kuna mwingine siwezi kumruka. Alemayehu, mtoto wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliivamia ngome ya Maqdala, baba yake akajiua, na mtoto wa miaka saba akapakiwa melini pamoja na nyara. Mwaka huo huo Julia Margaret Cameron, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa enzi ile, alimpiga picha kwenye kisiwa cha Wight. Mtafute. Angalia macho. Alikufa 1879 akiwa na miaka 18 na akazikwa Windsor, na mwaka 2023 ikulu ilikataa ombi la kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo mtoto wa kifalme wa ukanda wetu naye aliingia kwenye albamu ya Malkia, ila alivyoingia ndivyo hivyo.

Kufikia hapo kamera ilikuwa imeshaua kazi ya akina Ross. Ilitangazwa 1839, na mwaka 1860 picha za Victoria na familia yake zikaanza kuuzwa madukani kwa bei ambayo karani angeweza kumudu. Ross alifariki Januari mwaka huo huo. Ungetarajia ndovu wapumue. Wapi. Dunia ilikuwa imeshapata hamu ya piano, na piano inataka vibao vyeupe. Ikapata hamu ya biliadi, na biliadi inataka mipira. Picha ndogo zilikuwa zimetumia pembe kidogo mno ukilinganisha na hayo. Wacha niwe mkweli hapo, hakuna kundi la ndovu lililoisha kwa ajili ya kope za watoto wa Windsor. Ndovu wa Ukambani walipungua, wawindaji wakaenda mbali zaidi, misafara ya pwani ikaikamata biashara, na utajiri wa akina Kivoi ukawa hadithi. Mvulana Bertie, mtoto wa pili wa Victoria, aliyekaa mbele ya wachoraji akiwa na gauni kama watoto wote wa wakati ule, akawa Mfalme Edward wa Saba mwaka 1901. Kitui ilikuwa tayari ndani ya himaya yake.

Basi ingeishia hapo, iwe historia, tuendelee na maisha. Lakini haijaisha, na ndiyo maana ninaandika.

Uingereza ina Sheria ya Pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kufanya kazi Juni 2022. Ni kali. Kuuza kitu cha pembe, hata cha bibi yako, ni marufuku isipokuwa katika hali chache. Moja kati ya hizo imetajwa kwa jina kabisa: picha ndogo za uso zilizochorwa kabla ya 1918, mradi eneo lake lisizidi sentimita 320 za mraba. Hiyo ni kama ukurasa wa daftari la shule. Unaisajili, unalipa pauni 20, unaiuza kihalali.

Sasa rudi huku. Kitui Kusini inapakana na Tsavo Mashariki. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako eneo la Tsavo. Hao ni majirani zetu. Kiangazi kikikaza wanatoka kutafuta maji na chakula, na uzio wa miiba kwao ni salamu tu. Watu wa Ikutha, Kanziku na Mutha wanajua kulala nje wakigonga mabati. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia, milioni tano kwa aliyeuawa, na ahadi hiyo huchukua miaka. Sheria hiyo hiyo, ukikutwa na pembe bila kibali, inakupa faini ya mamilioni au miaka mingi jela.

Sisemi hivyo ni vibaya. Satao, mmoja wa ndovu wenye pembe kubwa zaidi tuliokuwa nao, aliuawa Tsavo Mashariki Mei 2014 kwa mshale wa sumu. Mshale wa sumu, mwaka wa simu za kugusa. Aliyelipa wa kuurusha hakuwa na haja ya kujua mti wa msunguti unafananaje.

Nilimwonyesha mjomba wangu mmoja ile picha kwenye simu, tumeketi nje ya duka hapa Mutomo. Ana shamba upande wa Ikutha.

"Huyu ni wa nani?"

"Mtoto wa Malkia wa Uingereza, mjomba. Wa zamani sana."

"Amelishwa vizuri."

Nikamweleza habari ya pembe. Akaichukua simu, akaukuza uso kwa vidole viwili hadi skrini ikawa shavu tupu. Akanyamaza kidogo.

"Na hii wanaruhusiwa kuuza?"

"Wanaruhusiwa."

"Mimi nikiokota kipande kama hiki shambani?"

"Usiokote, mjomba."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka sana.

Hoja ya Waingereza ina mashiko, nikiri. Vipande vile ni vyembamba, thamani yake iko kwenye uchoraji, na hakuna jangili atakayeua ndovu wa leo ili achore mtoto wa 1845. Mwaka 2014 magazeti yao yaliripoti kwamba Prince William, wa ukoo huo huo, angependa pembe zote za Buckingham ziharibiwe. Mimi singependa. Sisi tulichoma tani 105 pale mbuga ya Nairobi Aprili 2016, na nilikubaliana nayo, maana zile zilikuwa pembe za majangili na soko lao lilikuwa hai. Kuchoma picha ya Ross ni kitu kingine. Ungekuwa umemuua yule ndovu mara ya pili, na safari hii hata sura isibaki.

Kinachonikera ni maandishi. Ingia kwenye mkusanyo wa ikulu mtandaoni, uko wazi kwa kila mtu mwenye bando. Utaona jina la mchoraji, jina la mtoto, mwaka, wakati mwingine zawadi hiyo ilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Kisha: rangi ya maji juu ya pembe. Nukta. Kila aliyehusika ana jina na nasaba, isipokuwa kile kilichokufa na waliokibeba.

Na usiniambie haiwezekani kujua. Nilisema pembe haina lafudhi, lakini siku hizi inayo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wamekuwa wakipima DNA ya pembe zinazokamatwa bandarini na kusema ndovu aliuawa sehemu gani ya Afrika. Kweli, kipande chembamba kama kile ukikitoboa umekiharibu, na hakuna atakayekubali. Basi usitoboe. Njia za biashara zinajulikana, vitabu vya forodha vipo, Zanzibar ipo, Bombay ipo. Mstari mmoja wa maelezo hautoboi kitu.

Nimejaribu kuandika wangu. "Rangi ya maji na gundi ya mgunga, juu ya jino la ndovu. Pembe za aina hii zilisafirishwa London kutoka Afrika Mashariki kupitia Zanzibar. Wakamba wa Kitui walikuwa miongoni mwa wawindaji na wachukuzi wake." Nimehesabu, ni maneno machache kuliko yale waliyotumia kueleza fremu ya dhahabu ya moja niliyoiona.

Nilimsomea mjomba. Akaniuliza kwa nini nimesema ndovu, wakati hapa tunamwita nzou. Nimeongeza.